Binti yangu ana kinundu shingoni, na bibi yake anasema ni rovu la ukoo

SWALI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa mkoa wa Njombe. Ninakuandikia kwa ajili ya binti yangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 14, ambaye anasoma Kidato cha Pili. Alipokuja likizo ya Juni niliona kitu kama gololi kikipanda na kushuka upande wa kulia wa shingo yake kila alipomeza mate. Hakimuumi, sauti yake haijabadilika, anakula vizuri na anacheza mpira wa pete kama kawaida. Kwenye zahanati walidhani ni mitoki, wakampa dawa za kuua bakteria, lakini uvimbe haukupungua. Tulipokwenda hospitali ya wilaya alipimwa damu, tukaambiwa homoni zake ziko sawa, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu.

Baadaye daktari mwingine alimwona akasema damu peke yake haitoshi, akaagiza altrasaundi ya shingo. Majibu yanasema kuna kinundu kimoja cha sentimita 1.8 upande wa kulia wa tezi ya shingo, chenye chembe ndogo za chokaa ndani yake, na karibu nacho kuna tezi ya limfu iliyobadilika umbo. Alituandikia rufaa kwenda Mbeya ili mtoto achukuliwe kipimo kwa sindano. Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika.

Baba yake anataka tusubiri mpaka amalize mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili mwezi wa Novemba, kwa sababu akifeli atarudia darasa. Mama mkwe wangu anasema hilo ni rovu la ukoo, kwamba mama yake mzazi alikuwa nalo kubwa na aliishi nalo hadi uzee wake, na kwamba yuko mzee anayejua kulichanja na kulipaka dawa likanywea. Wifi yangu wa Dar es Salaam ametuma unga wa mwani akisema una madini joto na utauyeyusha uvimbe. Jirani naye ananiambia nisithubutu kukubali sindano, kwa kuwa uvimbe ukichokolewa kansa inasambaa mwili mzima.

Binti mwenyewe ametafuta kwenye simu na amekutana na neno kansa. Juzi aliniuliza kama atakufa, na kama atakuja kuweza kuzaa. Sijamjibu. Usiku ninajiuliza kama ni mimi niliyemsababishia, kwa sababu kwa miaka mingi nimepikia chumvi ya mawe ya kupima gulioni, na alipokuwa mdogo alipigwa picha ya eksirei ya kifua alipougua nimonia. Je, mtoto wa umri huu anaweza kweli kupata saratani ya tezi ya shingo? Twende sasa au tusubiri? Nimwambie nini?

Mama, Njombe

JIBU

Marahaba, mama. Nakushukuru kwa kuandika majibu ya altrasaundi kama yalivyo, kwa sababu maneno hayo machache ndiyo yanayoniwezesha kukujibu bila kuzungukazunguka. Nendeni Mbeya sasa, katika wiki hizi, wala msisubiri Novemba. Sisemi hivyo kwa sababu mtoto yuko katika hatari ya kufa kesho, hayuko. Nasema hivyo kwa sababu kinundu kimoja katika tezi ya mtoto, chenye chembe ndogo za chokaa na tezi ya limfu (moja ya zile tezi ndogo za kinga ambazo zikivimba huitwa mitoki) isiyo ya kawaida kando yake, hakiachwi kukaa miezi bila kujulikana ni kitu gani. Daktari aliyewaandikia rufaa amefanya kazi yake vizuri.

Tezi inayozungumzwa hapa ni tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo kwa umbo la kipepeo, na ndiyo inayotengeneza homoni zinazosimamia ukuaji, joto la mwili, mapigo ya moyo na nguvu za kila siku. Kwa kuwa imeshikamana na koo, kitu kilichoota ndani yake hupanda na kushuka mtu anapomeza, kama ulivyoona mwenyewe. Mitoki ya shingoni haina mwendo huo, na ndiyo maana dawa za zahanati hazikufanya lolote. Katika nchi yetu uvimbe wa shingo kwa watoto hudhaniwa kwanza kuwa mitoki au kifua kikuu cha tezi, na mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Lakini mtoto anapotumia dawa na uvimbe ukabaki palepale, ni lazima shingo ipimwe upya kwa macho, kwa mikono na kwa altrasaundi.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Ndiyo, mtoto anaweza kupata saratani ya tezi ya thairoidi. Vinundu vya tezi hii si vya kawaida kwa watoto kama vilivyo kwa watu wazima, lakini vinapotokea huhitaji umakini mkubwa zaidi: kati ya watoto na vijana 100 wanaopatikana na kinundu, wale wanaokutwa na saratani ni kama 20 hadi 25, ilhali kwa watu wazima ni kama 5 hadi 10. Zisome hesabu hizo kwa pande zote mbili. Watoto walio wengi wenye vinundu hawana saratani. Wana vifuko vya maji, wana uvimbe usio na madhara, au tezi yao imeshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Lakini robo si kidogo kiasi cha kumwacha mtoto bila kipimo, na kwa binti yako zile chembe za chokaa pamoja na ile tezi ya limfu zinaongeza mashaka juu ya wastani huo. Siwezi kukuambia kwamba ni saratani. Hakuna mtu anayeweza, mpaka chembehai za ndani ya uvimbe zitazamwe kwa hadubini.

Kipimo cha damu kilichowapa faraja kilijibu swali jingine. Kilipima kama tezi inatoa homoni za kutosha, na inatoa. Watu wengi wenye saratani ya tezi hii, watoto kwa wakubwa, wana homoni zilizo sawa kabisa, kwa sababu sehemu iliyobaki ya tezi inaendelea na kazi yake kama kawaida. Vivyo hivyo, kutokuwa na maumivu hakuthibitishi chochote. Nalisisitiza hili kwa ajili ya wazazi wengine wanaosoma, kwani naona watoto wengi wanaorudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba TSH, yaani homoni inayoiamrisha tezi kufanya kazi, ni ya kawaida, na uvimbe unaachwa mwaka mzima.

Kuhusu mama mkwe wako, ningependa umsikilize kwa heshima kabla ya kumkatalia, kwa sababu anachokisema kina historia ya kweli. Katika Nyanda za Juu Kusini, kama ilivyo katika maeneo mengi ya milima duniani, mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka ardhini, chakula kinacholimwa pale kikayakosa, na tezi za watu zikavimba zikijaribu kunasa kile kidogo kilichopatikana. Rovu lilikuwa jambo la kila kijiji mpaka Tanzania ilipoanza kusimamia kisheria uwekaji wa madini joto kwenye chumvi katikati ya miaka ya 1990. Mama yake mama mkwe wako bila shaka aliishi na rovu la namna hiyo, lililokua polepole kwa miaka mingi na kuenea tezi nzima. Alicho nacho mjukuu ni kinundu kimoja kigumu upande mmoja, kwa mtoto wa miaka 14, katika wakati ambao chumvi yenye madini joto inauzwa kila duka. Hali hizo mbili zinafanana kwa kuwa zote ziko shingoni, na hufanana katika hilo tu. Mwambie bibi kwamba mnakwenda kuangalia kama ni lile rovu analolijua au ni kitu kingine. Naamini atakubali, kwa sababu hata yeye hataki kubahatisha na maisha ya mjukuu wake.

Lakini katika kuchanja msikubaliane naye hata kidogo. Tezi ya thairoidi ni miongoni mwa viungo vyenye damu nyingi kuliko vyote mwilini, imezungukwa na mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayoendesha sauti, na kisu au wembe juu yake unaweza kumletea mtoto kutokwa na damu isiyozuilika, pepopunda, usaha wa shingo au virusi vya UKIMWI. Aidha, dawa ya kupaka juu ya ngozi haifiki ndani ya tezi.

Unga wa mwani nao uwekeni kando, na mumshukuru wifi kwa nia yake njema. Madini joto huzuia rovu la upungufu. Hayayeyushi kinundu kilichokwisha kuota. Mwani unaweza kuwa na madini hayo kwa kiasi kikubwa mno kupita mahitaji ya mwili, na wingi huo unaweza kuivuruga tezi yenyewe. Kuna sababu nyingine inayonifanya nilikazie jambo hili: endapo binti atakuja kuhitaji tiba ya iodini ya mionzi (iodini ndilo jina la kitaalamu la madini joto), mwili uliojaa iodini ya mwani hautaipokea dawa hiyo, na tiba italazimika kusogezwa mbele.

Jirani amesema kwamba sindano inasambaza kansa. Hofu hiyo nimeisikia miaka yote, na nadhani imetokana na wagonjwa waliofika hospitalini wamechelewa, wakapimwa, kisha wakafariki, na watu wakakiona kipimo kuwa ndicho kilichowaua. Kipimo hiki hufanywa kwa sindano nyembamba, nyembamba hata kuliko ile ya kutolea damu, ikiongozwa na altrasaundi ili iingie hasa kwenye kinundu, na nyingine kwenye ile tezi ya limfu. Huchukua dakika chache. Anaweza kupakwa au kuchomwa ganzi ya ngozi, na siku inayofuata anaweza kuwa darasani. Kimetumika kwa watoto na watu wazima duniani kote kwa miongo mingi, na chembe za saratani kuota katika njia ya sindano ni tukio la nadra mno ambalo haliwezi kulinganishwa na hatari ya kukaa gizani.

Majibu yatakapotoka, yaelekea yataandikwa kwa mfumo wa Bethesda wenye madaraja sita. Daraja la kwanza maana yake ni kwamba chembehai zilizopatikana hazikutosha, kwa hiyo kipimo kirudiwe; msilichukue kuwa ni jibu la kwamba yuko salama. La pili ni uvimbe usio saratani, ambao bado utafuatiliwa kwa altrasaundi kila baada ya muda. La tatu na la nne ni majibu ya katikati, na hapa watoto hutofautiana na wakubwa: kwa kuwa uwezekano wa saratani katika madaraja hayo ni mkubwa zaidi kwa mtoto, mara nyingi madaktari hupendekeza kuondoa nusu ya tezi iliyo na kinundu na kuichunguza yote, badala ya kuendelea kuchoma sindano. La tano ni shaka kubwa ya saratani, na la sita ni saratani. Ombeni mpewe nakala ya majibu hayo, na mnapokwenda Mbeya chukueni picha zenyewe za altrasaundi pamoja na karatasi ya maelezo. Kabla ya upasuaji wowote, altrasaundi inatakiwa irudiwe kwa kutazama shingo nzima, pande zote mbili, ili daktari wa upasuaji ajue ni tezi zipi za limfu zinazopaswa kutolewa siku hiyohiyo.

Tuseme sasa kwamba jibu ni saratani. Nalieleza hili waziwazi kwa sababu binti yako ameshalisoma neno hilo, na kilichoandikwa kuhusu saratani nyingine hakimhusu. Karibu saratani zote za tezi hii kwa watoto ni za aina inayoitwa papilari. Kwa watoto aina hii ina tabia inayowashangaza hata madaktari wasioizoea: inapogunduliwa mara nyingi imekwisha kufika kwenye tezi za limfu za shingo, na kwa baadhi yao imefika hata kwenye mapafu, jambo ambalo kwa saratani nyingi lingekuwa habari mbaya sana. Hata hivyo zaidi ya watoto 95 kati ya 100 waliotibiwa ipasavyo huwa hai miaka mingi baadaye, wakiwemo wengi ambao mapafu yao yalikuwa yameguswa. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwezi Aprili 1986, watoto wa Belarus, Ukraine na Urusi walikunywa maziwa yaliyokuwa na iodini ya mionzi, na kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 kati ya wale waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali walikuwa wamegunduliwa kuwa na saratani ya tezi ya thairoidi. Waliokuwa wamefariki kwa saratani hiyo hadi mwaka huo walikuwa 15. Mtoto wako akikuuliza tena kama atakufa, una haki ya kumwambia kwamba ugonjwa huu, hata kama ndio alio nao, ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko zote kwa watoto, ilimradi atibiwe.

Tiba yenyewe huanza kwa upasuaji, na kwa aina ya papilari mara nyingi tezi yote huondolewa pamoja na tezi za limfu zilizoguswa. Hapa naomba msiwe na haya. Miongozo ya kitaalamu ya kutibu watoto hawa inasisitiza kwamba mpasuaji awe mtu anayefanya upasuaji wa tezi hii mara kwa mara, angalau mara 30 kwa mwaka. Muulizeni daktari kwa adabu kwamba yeye hufanya mara ngapi kwa mwaka, na kama kuna mwenzake anayefanya zaidi, Mbeya au Muhimbili. Daktari mzuri hatachukia. Nyuma ya tezi hii kuna tezi nyingine nne, ndogo kama punje za mchele, zinazotunza kalsiamu ya damu, na kandokando yake hupita mishipa ya fahamu ya sauti. Mkono uliozoea ndio unaoviokoa vitu hivyo. Baada ya upasuaji, binti akisikia ganzi au kuwashwawashwa kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, au misuli ikikaza, mwambieni muuguzi mara moja, kwa sababu hizo ni dalili kwamba kalsiamu imeshuka, na inarekebishwa kwa dawa. Mweleze pia daktari kama katika familia yenu kuna watu ambao vidonda vyao hupona kwa makovu yanayovimba. Kovu litakuwa mbele ya shingo ya msichana, na yeye atalifikiria kila siku kuliko mnavyodhani.

Si kila mtoto huhitaji iodini ya mionzi baada ya hapo. Wanaoihitaji ni hasa wale ambao ugonjwa umebaki au umefika mapafuni, na uamuzi hufanywa baada ya kuona majibu ya kilichotolewa. Ni dawa ya kumeza, inayokwenda kunaswa na chembe za tezi zilizobaki na kuziua, na kwa hapa nchini hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa siku chache mgonjwa hukaa mbali na watu, hasa watoto wadogo na wajawazito. Nywele zake hazidondoki kwa sababu ya dawa hii, jambo ambalo wasichana wengi huuliza kwanza.

Kitakachobaki kwa maisha yake yote ni kidonge kimoja cha kila siku, cha levothairoksini, kinachochukua nafasi ya homoni ya tezi iliyotolewa. Kinamezwa kwa maji asubuhi, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Kisichanganywe na maziwa, wala vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu, ambavyo vinatakiwa kukaa mbali nacho kwa saa nne. Nakusihi uwe unanunua akiba ya mwezi mmoja mbele, kwa kuwa katika maduka ya dawa ya miji midogo kidonge hiki huadimika, na mtoto asiye na tezi hawezi kukaa wiki nyingi bila kukitumia. Atachoka, atavimba uso, atashindwa kusoma. Atapimwa damu na shingo mara kwa mara, kwanza kila miezi michache na baadaye kwa mwaka, kwa miaka mingi, kwani saratani hii inaweza kurudi hata baada ya muda mrefu na bado ikatibika.

Na ndiyo, ataweza kuzaa. Upasuaji wa shingo haugusi kizazi, na iodini ya mionzi kwa kiwango cha kawaida haimfanyi msichana kuwa tasa. Atakapokuwa mwanamke mwenye ndoa yake, akiwa aliwahi kupewa dawa hiyo, kanuni ni kutoshika mimba katika miezi 6 hadi 12 inayofuata matibabu, na akishika mimba wakati wowote aende kliniki mapema ili kiwango cha kidonge kiongezwe.

Kuhusu kujilaumu, mama, ningependa uliache hapa. Picha moja ya eksirei ya kifua ina mionzi kidogo sana, na haikuwa kosa kumpiga mtoto mwenye nimonia. Mionzi iliyothibitika kuleta saratani ya tezi kwa watoto ni ile ya viwango vikubwa zaidi: ya kutibu saratani nyingine kichwani, shingoni au kifuani, au ya ajali kama ile niliyoitaja. Chumvi isiyo na madini joto inaweza kuchangia vinundu na rovu, na kwa sababu hiyo tangu leo nunua ile ya pakiti yenye alama ya madini joto, uihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Lakini hakuna daktari anayeweza kusema kwamba chumvi yako ndiyo iliyomletea binti huyu kinundu hiki, na watoto walio wengi wanaopata saratani hii hawana sababu inayojulikana kabisa.

Kuna jambo moja la ukoo ambalo ningependa mlichunguze kabla ya safari, nalo si rovu. Waulizeni wazee wa pande zote mbili kama kuna ndugu aliyewahi kutolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani, aliyekuwa na uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo, au aliyekuwa na vinyama vingi katika utumbo mpana. Ipo aina adimu ya saratani ya tezi hii inayorithiwa, na yapo magonjwa ya kurithi yanayoambatana nayo. Daktari akisikia habari hizo ataongeza vipimo. Kama hakuna, wadogo zake hawahitaji kupimwa chochote zaidi ya daktari kuwashika shingo siku mtakapokuwa huko.

Nimezungumza na wewe tu, lakini baba wa mtoto naye nina neno naye, kwa sababu hoja yake ina uzito. Mtihani wa Kidato cha Pili si mchezo, na kurudia darasa kunamvunja mtoto moyo. Ndiyo maana napendekeza mvitenganishe vitu viwili. Sindano haigusi masomo; ni siku mbili tatu za safari na kurudi. Upasuaji, ukihitajika, ni suala jingine, ambalo tarehe yake mtaipanga pamoja na mpasuaji baada ya kuona majibu. Saratani hii kwa kawaida hukua polepole, na kusogeza upasuaji kwa wiki chache kwa sababu nzuri ni jambo ambalo madaktari wako tayari kulizungumza. Kukataa kipimo kwa miezi yote iliyobaki ni jambo lingine kabisa. Baba aende mwenyewe kwa mkuu wa shule akiwa na nakala ya barua ya rufaa, ili kutokuwepo kwa mwanafunzi kuwe na maandishi na walimu wajue kinachoendelea. Ikiwa sauti yake itaanza kukwaruza, au akaanza kupumua kwa shida, kushindwa kumeza, au uvimbe ukaongezeka haraka, basi msingoje tarehe yoyote.

Kama gharama ndiyo inayomtia hofu bila kusema, naye asione aibu. Angalieni kwanza kama bima mliyo nayo inamhusu mtoto na kama mmefuata ngazi za rufaa, kwa kuwa barua isiyofuata ngazi hukataliwa dirishani. Msipokuwa na bima, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza mnapofika, wala si siku ya kutakiwa kulipa.

Binti yako mjibu leo. Msichana wa miaka 14 aliyeuliza swali hilo tayari analibeba, na kimya chako kinamwambia kwamba jibu ni baya. Mwambie kwamba kuna kinundu kwenye tezi yake, kwamba hujui bado ni kitu gani, kwamba vingi huwa si saratani, kwamba kikiwa saratani ni ya aina inayotibika, na kwamba hutamficha majibu yatakapotoka. Mpe daftari aandike maswali yake mwenyewe ya kumuuliza daktari, na mkiwa chumbani mle mwache ayaulize yeye, hata yale ya kovu na ya hedhi. Ukiona anaona haya mbele ya baba yake, mwombe baba asubiri nje kidogo.

Majibu yakitoka, niandikie daraja lililoandikwa na maneno yaliyolifuata, nami nitakueleza ni maswali gani ya kumpelekea mpasuaji.